Julius Nyerere na elimu ya watu wazima

Julius Kambarage Nyerere (Butiama, 13 Aprili 1922 – London, 14 Oktoba 1999) alikuwa mwalimu na mwanasiasa, rais wa kwanza wa Tanzania. Makala hii inahusu hasa kazi yake katika elimu ya watu wazima na jinsi ilivyoufikia mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera, zikiwemo wilaya za Karagwe na Kyerwa.

== Mwanafunzi na mwalimu ==
Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki. Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12, akaenda Tabora, kisha Makerere alikosomea ualimu. Alifundisha Tabora katika shule ya St. Mary's, akasoma Edinburgh miaka 1949–1952, na aliporudi alifundisha Pugu hadi 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya siasa. Jina la Mwalimu lilibaki.

== Watu wazima kwanza ==
Mwaka 1964, alipowasilisha mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, alieleza kwamba mtoto aliye shuleni atachukua miaka mingi kabla ya kuleta mabadiliko, ilhali mzazi wake anaweza kubadili kilimo na afya ya nyumbani mara moja. Wakati huo watu wazima wengi, takriban wawili kati ya watatu, hawakujua kusoma wala kuandika. Aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima.

== Kisomo chenye manufaa ==
Tangu 1968 serikali, ikisaidiwa na UNESCO, ilijaribu kisomo chenye manufaa katika mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi. Makao yake yalikuwa Mwanza. Nyerere hakuandika vitabu vya kisomo mwenyewe. Sera ilikuwa yake, vitabu vilitungwa na wataalamu. Jambo jipya lilikuwa hili: kabla ya kuandika somo waliuliza mwanafunzi ni nani na anaishi kwa kazi gani. Mkulima wa pamba alipata kitabu cha pamba, mvuvi cha uvuvi, mfugaji cha ng'ombe, na mkulima wa migomba cha migomba. Herufi zilifundishwa kupitia maneno ya kazi hiyo.

Kwa Karagwe kitabu cha migomba kilikuwa chaguo la busara, kwa kuwa ndizi ndicho chakula kikuu na shamba la migomba huzunguka nyumba. Hata hivyo, Karagwe ni nchi ya ng'ombe pia tangu enzi za watemi wake. Vilevile vitabu vyote viliandikwa kwa Kiswahili, wakati nyumbani watu walizungumza Kinyambo. Mzee aliyejifunza herufi alikuwa anajifunza pia lugha, mzigo ambao mwenzake wa Pwani hakuwa nao. Kazi ya mtu ilichunguzwa vizuri kuliko lugha yake. Umoja wa taifa ulidai Kiswahili, na hoja hiyo ilikuwa na uzito wake, lakini gharama ililipwa na mwanafunzi.

== Kampeni ya taifa ==
Mafanikio ya majaribio yalifanya vitabu hivyo visambazwe nchini kote. Walimu wengi walikuwa wa kujitolea, wakiwemo vijana waliomaliza darasa la saba, waliowafundisha watu wenye umri wa wazazi wao. Madarasa yalikuwa mchana baada ya kazi za shamba, maana asubuhi hakuna mkulima anayeacha jembe. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ilifikia takriban watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 uliwapanga wanakisomo katika ngazi nne. Waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 5. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki chini ya asilimia 10.

Tatizo lilikuja baadaye. Vita vya Kagera vya 1978–1979 na uchumi mbaya vilipunguza fedha, na aliyemaliza kitabu cha migomba hakuwa na kingine cha kusoma. Wengi walisahau.

== Miaka ya mwisho ==
Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Alizikwa huko. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012.