Roald Dahl: Mtunzi wa Watoto Aliyepata Kula Chumvi ya Pwani

Msafiri akitoka mjini Kakamega akapitia Khayega na Shinyalu, hufika mahali paitwapo Isecheno, na hapo majani ya chai hukoma, msitu ukaanza. Si kichaka cha kuokota kuni. Ni msitu wa haki, wenye miti ambayo mtu huinua kichwa kuitazama mpaka kofia ikamwanguka, wenye mbega na kima, vipepeo aina mia kadha, na nyoka ambao jamaa zao wako Kongo. Wataalamu wanasema ni kipande kilichobaki, upande wa mashariki kabisa, cha msitu mkuu wa Afrika ya Kati na ya Magharibi. Waisukha wanaokaa kandokando yake wanaujua kwa dawa zake na uyoga wake, na watoto wao hupita ukingoni mwake wakienda shule.

Mwaka 1964 kilitoka Marekani kitabu kimoja cha watoto, habari za kiwanda cha chokoleti na kijana maskini aitwaye Charlie. Ndani yake mlikuwa na watu wafupi weusi, waliotolewa katika vilindi vya msitu wa Afrika, msitu wa namna hii hii ya Isecheno, wakatiwa makashani na kusafirishwa ng'ambo kwenda kufanya kazi kiwandani. Ujira wao ulikuwa kokwa za kakao. Aliyewabuni ni Roald Dahl, na laiti angekuwa mtu asiyepata kuiona Afrika ila kwenye ramani, tungemsamehe upesi. Walakini Dahl alikuwa mwenyeji wetu kwa muda. Alikaa Dar es Salaam, akasema Kiswahili, na kwa masimulizi yake mwenyewe gazeti la Nairobi, East African Standard, ndilo lililomlipa fedha ya kwanza ya uandishi.

Alizaliwa tarehe 13 Septemba 1916 huko Llandaff, karibu na Cardiff katika nchi ya Wales, na wazazi wake wote wawili walikuwa Wanorwe. Hakujaliwa kuwa na baba kwa muda mrefu. Mwaka 1920 dada yake Astri alifariki akiwa na miaka 7, na baada ya majuma machache baba naye akamfuata. Mama, Sofie Magdalene, alibaki na nyumba iliyojaa watoto na hadithi za kwao Norwe, za majitu na wachawi, akawalea kwa hizo. Roald alipopelekwa shule ya bweni akiwa na miaka 9 alianza kumwandikia mama yake barua kila juma. Katika shule ya Repton kampuni ya Cadbury ilikuwa ikiwapelekea wanafunzi chokoleti mpya wazionje na kutoa rai zao, na mbegu ya kile kiwanda ilipandwa hapo.

Hakwenda chuo kikuu. Mwaka 1934 aliajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell, na mwaka 1938 akatumwa Tanganyika. Kijana wa miaka 22, urefu wake futi sita na inchi sita, alishuka Dar es Salaam akapangiwa nyumba ya kampuni nje ya mji pamoja na Waingereza wenzake. Maisha yalikuwa yale ya wazungu wa enzi ya ukoloni: boi wa kufua na kupiga pasi, mpishi, mtunza bustani, jioni kiti barazani na bahari mbele ya macho. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwa gari katika mashamba ya mkonge na machimboni kuuza mafuta na grisi. Alijifunza Kiswahili kwa sababu kampuni ilitaka, na pia kwa sababu bila Kiswahili hata chai usingeipata.

Kiswahili hicho kilikuwa na vituko vyake. Neno mpishi lilimgeukia mdomoni likawa Piggy, na kwa jina hilo mpishi wao akaitwa, nalo kwa Kiingereza ni kinguruwe. Ikiwa yule bwana alikuwa Mwislamu, basi alikuwa na subira ya pekee. Lakini haki ya mtu asinyimwe. Asubuhi moja, asimulia Dahl, alikuwa dirishani akinyoa ndevu, akamwona koboko akitambaa changaraweni nyuma ya mtunza bustani, Salimu, aliyekuwa ameinama na reki yake bila habari. Akapaza sauti kwa Kiswahili kumtahadharisha. Salimu akageuka, akangoja kwa utulivu mpaka nyoka akaja, akamvunja uti kwa reki. Kiswahili hicho, kiwe kibovu namna gani, siku hiyo kilitosha.

Habari iliyomtia gazetini ilikuwa ya simba aliyemnyakua mke wa mpishi wa afisa mmoja wa serikali, upande wa Tabora, akamchukua kinywani na kumwachilia bila jeraha. Dahl asema aliyaona kwa macho yake, East African Standard wakamtaka ayaandike, na wakampa pauni tano. Sisi tuliokulia katika hadithi tunajua simba wa namna hiyo. Huwa mpole zaidi kila anaposimuliwa.

Kisa kizito zaidi ni cha Mdisho, boi wake, kijana wa bara ambaye Dahl alimfundisha kusoma na kuandika. Vita vilipotangazwa Septemba 1939, Dahl alipewa askari wa King's African Rifles akawazuie Wajerumani waliokuwa wakikimbia kwa barabara ya kusini. Katika kitabu chake cha kumbukumbu, Going Solo, kilichotoka mwaka 1986, asema kwamba usiku huohuo Mdisho alichukua upanga wa Kiarabu uliokuwa umetundikwa ukutani, akakimbia gizani mpaka kwa tajiri mmoja wa Kijerumani wa mkonge, akamwua, kisha akarudi kutaka sifa. Kisa hichohicho Dahl alikwisha kukitoa katika jarida moja la Marekani mwaka 1943 kama hadithi ya kubuni. Miaka arobaini na mitatu baadaye kikarudi kikiwa kimevaa kanzu ya kweli. Mimi sina neno na mtunzi anayeongeza chumvi, maana ndiyo kazi yetu. Ila hapa chumvi ilimwangukia mtu mwenye jina, ambaye hakupata ukurasa wa kujibu. Kijana aliyefundishwa herufi akabaki duniani kama muuaji mchangamfu.

Mwishoni mwa 1939 Dahl aliendesha gari lake mpaka Nairobi, akaingia jeshi la anga. Alijifunza kuruka juu ya nyanda za Kenya kwa ndege ndogo za Tiger Moth, kichwa chake kikichomoza juu ya kioo kwa urefu. Walikuwa vijana 16, na kwa hesabu yake 13 kati yao walikufa katika miaka miwili iliyofuata. Yeye mwenyewe ndege yake ilianguka jangwani tarehe 19 Septemba 1940. Alipasuka fuvu, akakaa kipofu kwa majuma kadha katika hospitali ya Aleksandria, akapona, akaenda kupigana angani Ugiriki mwaka 1941. Mwaka 1942 alipelekwa Washington katika ubalozi wa Uingereza, na huko ndiko kalamu ilikomshika barabara.

Mwaka 1953 alimwoa mcheza sinema wa Kimarekani, Patricia Neal, wakapata watoto watano. Ukisoma vitabu vyake vya furaha unaweza kudhani nyumba yake ilikuwa ya kheri tupu. Mwaka 1960, mjini New York, teksi iligonga kigari alimolala mwanawe mchanga Theo, na kichwa kikawa kinajaa maji. Kilango cha kuyatoa kilikuwa kikiziba kila mara. Dahl hakukaa akilia. Alimtafuta fundi wa vyombo, Stanley Wade, na daktari mpasuaji, Kenneth Till, na wote watatu wakabuni kilango kipya kilichotumika kwa maelfu ya watoto. Wakati kilipokuwa tayari Theo mwenyewe hakukihitaji tena. Novemba 1962 binti yake mkubwa, Olivia, aliugua surua, akafariki akiwa na miaka 7, umri uleule wa Astri. Chanjo ilikuwa haijatoka. Katika miaka ya 1980 Dahl aliwaandikia wazazi wa Uingereza waraka wa wazi kuwasihi wachanje watoto wao, na katika yote aliyoandika, hilo ndilo ningependa libandikwe katika kila zahanati ya kwetu. Mwaka 1965 Patricia naye alipatwa na kiharusi akiwa na mimba. Mumewe alimsimamia mpaka akasema na kutembea tena, kwa ukali ambao wengine waliuona ukatili.

Siku zake za kawaida zilikuwa na utaratibu wa mwalimu wa chuoni. Katika bustani ya nyumba yake, Gipsy House, kijijini Great Missenden, alijenga kibanda kidogo. Saa nne asubuhi aliingia, akakaa katika kiti kikuukuu cha mama yake, miguu ameitia katika mfuko wa kulalia kwa baridi, ubao uliofunikwa kitambaa cha kijani magotini. Penseli sita za manjano zilizochongwa, karatasi za manjano zilizoagizwa Marekani, mapazia yamefungwa. Saa sita akatoka. Saa kumi akarudi, saa kumi na mbili akafunga. Pembeni juu ya meza aliweka kipande cha nyonga yake mwenyewe, alichotolewa na wapasuaji, na donge la karatasi za chokoleti alilokuwa akiliongeza tangu ujana.

Nje ya saa hizo alipenda matembezi. Alifuga mbwa wa mbio na kwenda kuwatazama wakishindana, alipanda okidi, alicheza biliadi, alikwenda minadani kununua picha. Kwa wanawe alikuwa na kigari cha mbao cha Wajipsi bustanini, na matembezi ya usiku katika misitu ya jirani, ambayo baadaye yaliingia katika hadithi ya Danny ya mwaka 1975. Pengine alipanda ngazi hadi dirisha la chumba cha mabinti zake, akapitisha ufito wa mwanzi ndani akijifanya kuwapulizia ndoto. Jitu zuri la kitabu cha 1982, kilichotabarukiwa Olivia, lilizaliwa kwenye ngazi hiyo. Umaarufu ulipomfikia, barua za watoto zilimmiminikia kwa magunia, na darasa zima likimwandikia aliweza kulijibu kwa beti chache.

Sasa turudi kwenye makasha. Baada ya chama kikuu cha kutetea haki za watu weusi wa Marekani kulalamika, Dahl alikiandika upya kile kipande, na toleo la 1973 likawapa watu wale ngozi nyeupe, nywele za dhahabu na kisiwa kisichokuwako duniani. Mwaka 2017 mjane wake, Felicity, alieleza kwamba katika rasimu ya mwanzo Charlie mwenyewe alikuwa mtoto mweusi. Fikiri: huyo mtoto akageuzwa mzungu ili kitabu kiuzike, na watu weusi wakabaki ndani ya makasha. Mtu aliyekaa mwendo wa siku moja kutoka Bagamoyo, ambako watu wenye miili na majina walipakiwa majahazini, hakuona lolote alipoandika ya kwamba wafungwa wale walikuwa wakicheka. Hili halikuwa doa la pekee. Mwaka 1983 alitamka maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi, na mwaka 2020 jamaa zake waliomba radhi kwa ajili yake. Mwaka 2023 wachapaji walipunguza tena maneno katika vitabu vyake, kelele zikawa nyingi, wakakubali kuyatoa pia matoleo ya zamani.

Je, mtoto wa Isecheno apewe kitabu hiki? Mimi naona apewe, na aambiwe na lile la kwanza, akiwa na umri wa kulielewa. Anao msitu wenyewe mlangoni. Atajua mara moja kwamba aliyeandika hakuingia humo, maana mle watu hawangoji kuokolewa kwa kakao.

Dahl alifariki mjini Oxford tarehe 23 Novemba 1990, akazikwa Great Missenden. Jamaa zake walimtilia kaburini penseli, chokoleti, fimbo za biliadi, chupa ya mvinyo na msumeno wa umeme. Mama yake alikuwa amefariki mwaka 1967, na baada ya kifo chake ndipo mwana alipogundua kwamba alizihifadhi barua zake, zaidi ya 600, akazifunga kwa utepe wa kijani. Zimo katika jumba la makumbusho lililofunguliwa kijijini mwaka 2005, pamoja na zile za Dar es Salaam, za kijana aliyemweleza mama yake juu ya joto, mijusi na watu wa nyumba yake.