Wilhelm Peters

Wilhelm Karl Hartwig Peters (Koldenbüttel, 22 Aprili 1815 – Berlin, 20 Aprili 1883) alikuwa mwanazoolojia na msafiri kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kwa safari yake ya Msumbiji na kwa wanyama wengi wa Afrika aliowaeleza kisayansi kwa mara ya kwanza. Ndiye aliyeipa jina jenasi Cycloderma ya kobe wa maji baridi.

Maisha ya awali

Peters alizaliwa katika eneo la Schleswig, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya mfalme wa Denmark. Alisoma tiba na elimu ya viumbe huko Copenhagen na Berlin, kisha akawa msaidizi wa Johannes Müller, profesa wa anatomia.

Safari ya Msumbiji

Kwa kuungwa mkono na Müller na Alexander von Humboldt, Peters alipata fedha kutoka kwa mfalme wa Prussia. Aliondoka mwaka 1842, akapitia Angola na kufika Msumbiji mwaka 1843. Alichunguza pwani na mto Zambezi hadi Tete, akatembelea pia Zanzibar, Komoro na Madagaska. Alirudi Berlin mwaka 1848 akiwa na mkusanyo mkubwa wa wanyama na mimea.

Alikusanya pia maneno ya lugha za wenyeji, zikiwemo za Tete, Sena na Inhambane. Wilhelm Bleek aliyahariri na kuyatoa kama kitabu mwaka 1856.

Kobe wa Cycloderma

Mwaka 1854 Peters alieleza kobe wa Zambezi aliyemwita Cycloderma frenatum. Jina la jenasi linatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mviringo na ngozi. Kobe hawa hawana magamba magumu mgongoni. Mifupa yao imefunikwa na ngozi laini. Pua yao ni kama mrija, hivyo huweza kuvuta hewa huku mwili ukibaki majini. Chini ya mwili wana vifuniko vya ngozi vinavyoficha miguu ya nyuma.

Spishi zilizo hai ni mbili:

- C. frenatum: Msumbiji, Malawi, Zambia, Zimbabwe na kusini mwa Tanzania. Iko hatarini kutoweka.
- C. aubryi: Gabon na nchi jirani za Afrika ya Kati.

Spishi mbili za visukuku zimetoka Kenya. C. victoriae ya Karungu, karibu na Ziwa Viktoria, ilielezwa na Charles Andrews mwaka 1914. Ni ya Miosini. C. debroinae ya bonde la Ziwa Turkana ilielezwa mwaka 1990. Kwa hiyo kobe hawa waliwahi kuishi kaskazini zaidi ya wanakopatikana leo.

Kazi ya Berlin na kifo

Mwaka 1857 Peters alichukua nafasi ya Martin Lichtenstein kama mkuu wa Makumbusho ya Zoolojia ya Berlin. Matokeo ya safari yake yalichapishwa polepole: juzuu la mamalia lilitoka mwaka 1852, lakini lile la reptilia na amfibia lilichelewa hadi 1882, miaka 34 baada ya kurudi kwake. Alifariki mwaka uliofuata, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 68.

Jina lake limebaki katika Rhynchocyon petersi, aina ya sange wa misitu ya Kenya na Tanzania.