Bertha Pappenheim na lugha iliyompotea

Aghalabu itajwapo tiba ya mazungumzo, yaani ile ambayo mtu aliyezidiwa na huzuni, hofu au hasira huketi na mtaalamu akamsimulia yaliyomkaa moyoni, jina linalotangulia ni la Sigmund Freud. Hata wanafunzi wangu wa isimu hunijibu hivyo. Mimi huwatajia Bertha Pappenheim, kwa kuwa yeye ndiye mgonjwa aliyewaonyesha matabibu njia hiyo, na kwa kuwa maradhi yake, kwa macho ya mtu wa taaluma yangu, yalikuwa kwa sehemu kubwa maradhi ya lugha.

Alizaliwa Vienna, Austria, tarehe 27 Februari 1859, katika familia tajiri ya Kiyahudi. Alijaliwa akili pevu na alijua lugha kadhaa, lakini alitolewa shuleni akiwa na umri wa miaka 16, maana binti wa tabaka lake hakutarajiwa kufanya makubwa zaidi ya kushona na kungoja mume. Ndugu yake mdogo, mwanamume, aliendelea na masomo. Mnamo Julai 1880 baba yao akaugua, na Bertha akawa ndiye amkeshaye usiku. Haikupita miezi mingi naye akaanguka: kikohozi kisichokoma, mkono kupooza, macho kutoona sawasawa. Hapo akaitwa Daktari Josef Breuer.

Kisha lugha ikaanza kubomoka. Kwanza yalipotea maneno, halafu sarufi. Hakunyambua vitenzi tena, wala hakuvitumia vile vijineno vinavyotangulia nomino katika Kijerumani. Ni kana kwamba mmoja wetu angesema: mimi kwenda, baba kuumwa. Kwa muda wa majuma mawili alikuwa bubu kabisa. Breuer alipochunguza alitambua kwamba kuna jambo lililomuudhi mno binti huyu, naye akaazimia kutolisema. Alipomhimiza alitamke, ulimi ulifunguka. Ajabu ni kwamba mnamo Machi 1881 maneno yalirudi kwa Kiingereza peke yake, na mwenyewe hakujua! Aligombana na muuguzi wake asiyemfahamu, na alipopewa kitabu cha Kifaransa au Kiitalia alikisoma kwa sauti kwa Kiingereza fasaha. Kijerumani, lugha ya nyumbani kwake, hakikurudi ulimini mwake hadi zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Baba yake alikuwa amefariki Aprili 1881.

Jioni baada ya jioni, katika hali ya nusu usingizi, alimsimulia Breuer yaliyomsumbua, na Breuer akasikiliza. Kisa kinachonigusa zaidi ni cha maji. Wakati wa joto kali alishindwa kunywa maji kwa takribani majuma sita, kiu ikimla, akaishi kwa matunda kama matikiti. Jioni moja alisimulia kwamba aliwahi kumkuta mbwa wa mwanamke aliyekuwa akikaa naye nyumbani akinywa katika bilauri. Alichukizwa, lakini alinyamaza kwa adabu. Alipokwisha kuitoa hasira aliyoizuia, akaomba maji, akanywa mengi.

Hebu sisi walimu tujiulize ni wanafunzi wangapi tunaowasifu kwa adabu, ilhali ni hao hao waliomeza neno likawakaa kooni. Kiswahili chenyewe hakikosi msamiati wa mambo haya. Tuna dukuduku, fundo na kinyongo, na vyote hivyo ni vitu vya kutolewa au kufunguliwa. Darasani, hata hivyo, tunamfunza mtoto aorodheshe majonzi, simanzi na jitimai ili apate alama za insha. Hatumwulizi ni lipi kati ya hayo lililo lake.

Waama, maneno si uganga. Mwaka 1895 Breuer na Freud walichapisha kitabu juu ya histeria, wakamwita mgonjwa huyu Anna O., na msomaji akaachwa aamini kwamba alipona. Kumbukumbu za hospitali zilizogunduliwa katika miaka ya 1970 zilionyesha vingine. Mnamo Julai 1882 alilazwa huko Kreuzlingen, Uswisi, akiwa mtumwa wa morfini aliyopewa kutuliza maumivu, na alirudi hospitalini zaidi ya mara moja hadi 1887. Wapo wanaoitumia habari hii kuibeza tiba nzima. Mimi sikubaliani nao. Ninachokiona ni kwamba fundo la miaka halifunguliwi kwa kikao kimoja, na mwalimu wa ushauri nasaha anayetazamia mwanafunzi atoke ofisini mwake akiwa mzima kabla ya kengele ya kipindi kifuatacho anamdhulumu mtoto, na anajidhulumu mwenyewe pia.

Mwaka 1888 Bertha na mama yake walihamia Frankfurt, Ujerumani. Huko alisimama imara. Tangu 1895 aliongoza nyumba ya mayatima wa kike kwa miaka 12. Mwaka 1899 alitafsiri kitabu cha Mary Wollstonecraft cha kutetea haki za wanawake, na kwa tafsiri hiyo Kijerumani kilichompotea kikawa chombo chake cha kazi. Mwaka 1904 aliunda jumuiya ya wanawake wa Kiyahudi wa Ujerumani, na mwaka 1907 akafungua makao ya wasichana huko Neu-Isenburg. Alisafiri hadi Mashariki ya Kati akipambana na biashara ya kuuza wasichana.

Waliofanya kazi naye walieleza kwamba hakupata kuzizungumzia siku za Breuer, na kwamba alipinga wasichana aliowalea watibiwe kwa njia ya Freud. Mbona alikataa, yeye aliyekuwa chimbuko lake? Pengine alichoka kuwa kisa katika kitabu cha watu wengine.

Alifariki tarehe 28 Mei 1936, muda mfupi baada ya kuhojiwa na polisi wa Hitler akiwa mgonjwa. Ni mwaka 1953 tu ndipo Ernest Jones, mwandishi wa maisha ya Freud, alipofichua kwamba Anna O. ndiye Bertha Pappenheim. Mwaka uliofuata Ujerumani Magharibi ilitoa stempu yenye sura yake, katika mfululizo wa kuwaenzi wasaidizi wa wanadamu. Aliwekwa humo kwa ajili ya mayatima na wasichana wake.