Waruhiu Itote: Koplo wa Keya, Jenerali wa Msituni

Wasomaji wa fasihi ya Mau Mau hulifahamu jina la Jenerali China, ila aghalabu hukutana naye akiwa tayari yumo msituni. Uaskari wake ulianza miaka 10 kabla ya hapo, katika jeshi lile lile lililokuja kumsaka.

Waruhiu Itote alizaliwa mwaka wa 1922 huko Kaheti, Mukurwe-ini, wilayani Nyeri. Mnamo 1939 alikwenda Nairobi kutafuta riziki, na Januari 1942 akajiunga na King's African Rifles, jeshi ambalo wananchi waliliita Keya. Aliwekwa katika Batalioni ya 36 na kupelekwa Moshi, Tanganyika.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka wa 1943, ilikusanya batalioni za Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Vijana wa Kavirondo ya Kaskazini, wilaya iliyotawaliwa kutoka Kakamega, nao walivaa sare ya Keya. Mkikuyu, Mluhya na Mnyamwezi walikutana katika Kiswahili. Hakikuwa Kiswahili sanifu. Kilikuwa cha kambini, chenye upatanisho wa kisarufi uliolegea, lakini amri ilieleweka na soga zilinoga.

Kutoka Ceylon, divisheni hiyo iliingia Burma mwaka wa 1944, chini ya Jeshi la 14 la Jenerali Slim, pamoja na Wahindi na Waingereza. Waafrika wa Magharibi, katika Divisheni za 81 na 82, walipigana upande wa Arakan. Bonde la Kabaw lilikuwa na mvua, matope na malaria, na adui alijificha mahali popote. Desemba 1944 Kalewa ilitekwa, na daraja la futi zipatazo 1,150 likajengwa juu ya mto Chindwin. Katika medani hiyo Itote alijifunza vita vya msituni. Alijifunza pia jambo ambalo hakuna mkufunzi aliyekusudia kumfundisha: kwamba Mzungu naye huogopa, na risasi haimbagui. Wageni aliozungumza nao, akiwemo Mmarekani mweusi, walimfanya ajiulize alikuwa akipigania nchi ya nani.

Alirudi nyumbani akiwa koplo, akapata kazi ya kuchochea moto katika garimoshi. Mwaka wa 1946 alijiunga na chama cha KAU. Agosti 1952, miezi miwili kabla ya hali ya hatari kutangazwa, aliingia msitu wa Mlima Kenya na wafuasi wake. Huko aliwapanga kwa vyeo, zamu za ulinzi na taarifa za maandishi; kwa ufupi, aliijenga Keya nyingine. Miongoni mwa vikosi vilivyotumwa dhidi ya Mau Mau zilikuwamo Batalioni za 4 na 26 za Keya, ambazo Burma zilikuwa katika Divisheni ile ile ya 11.

Alijeruhiwa na kukamatwa tarehe 15 Januari 1954. Ian Henderson alimhoji kwa saa 68. Alihukumiwa kunyongwa, kisha akanusurika baada ya kukubali kuwaandikia wenzake barua za kuwataka wafanye mazungumzo na serikali. Mazungumzo hayo yalivunjika Aprili mwaka huo. Wapo wanaomwita msaliti kwa sababu hiyo. Hukumu hiyo ni nyepesi mno kwa mtu aliyeandika akiwa na kitanzi mbele yake. Hata hivyo, waliobaki msituni wakiwindwa walikuwa na haki ya kumtilia shaka.

Alifungwa Lokitaung pamoja na Jomo Kenyatta, ambaye alimfundisha Kiingereza. Ndiyo lugha aliyoitumia katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka wa 1967, ingawa vita vyenyewe alivisomea kambini kwa Kiswahili. Aliachiliwa mwaka wa 1962. Mwaka wa 1964 alivaa sare tena, katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, akawa naibu mkurugenzi wake. Alistaafu mwaka wa 1984, na akafariki mwaka wa 1993.