Edward Moringe Sokoine na Sheria Iliyozaliwa na Uhaba

Edward Moringe Sokoine alizaliwa mwaka 1938 huko Monduli, kaskazini mwa Tanzania, katika jamii ya Wamaasai. Alijiunga na chama cha TANU mwaka 1961, akaingia Bungeni mwaka 1965, akawa Waziri wa Ulinzi mwaka 1972 na Waziri Mkuu mwaka 1977.

Mwaka huo ndio Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Punde si punde vikazuka vita dhidi ya Idi Amin, na bei ya mafuta ikapanda. Fedha za kigeni ziliadimika, viwanda vikakosa malighafi, na wananchi wakawa wanapanga foleni kutafuta sabuni na sukari. Palipo na uhaba walanguzi hawakosi. Bidhaa zilizotoweka madukani ziliuzwa kwa magendo.

Sokoine aliondoka madarakani mwaka 1980, akarejea Februari 1983. Mwezi uliofuata ulianza msako wa wahujumu uchumi. Watu walikamatwa kwanza, sheria ikafuata. Sheria hiyo iliunda baraza maalumu la kuwahukumu washtakiwa nje ya mahakama za kawaida, nayo ikawanyima dhamana na mawakili. Wanyonge walimshangilia Sokoine, kwani walimwona kuwa kiongozi asiyejilimbikizia mali. Hata hivyo, msako ulifichua bidhaa zilizofichwa tu. Haukuweza kuzalisha zile ambazo hazikuwapo.

Tarehe 12 Aprili 1984, akisafiri kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, Sokoine alifariki katika ajali ya gari karibu na Morogoro. Mwaka huo huo serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, haki za binadamu zikaingizwa katika Katiba, na sheria ya msako ikafutwa. Iliyochukua nafasi yake ilirudisha kesi za uhujumu katika Mahakama Kuu.

Baada ya mapatano ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, soko huria lilishika hatamu na foleni zikasahaulika. Sheria ya mwaka 1984 haikuondoka nazo. Mwaka 2016 ilirekebishwa, ikazaa divisheni ya Mahakama Kuu ya kusikiliza kesi za rushwa na uhujumu uchumi. Chuo kikuu cha kilimo kilichoko Morogoro kinaitwa kwa jina la Sokoine, na uadilifu wake ungali unasifiwa. Alama yake nyingine imo mahakamani: uhaba ulikwisha, lakini chombo kilichoundwa kwa ajili yake kilibaki, kikapewa kazi mpya.