Abdalla Susi, Aliyemwuguza Livingstone

Kila mgeni afikaye Ujiji huonyeshwa mahali walipokutana Daktari Livingstone na Stanley mwezi wa Novemba 1871. Lakini yule aliyetoka mbio kumwamkia Stanley, kisha akarudi mbio kumpasha bwana wake habari, ni wachache wamjuao. Huyo ndiye Abdalla Susi.

Alizaliwa Shupanga, kando ya mto Zambezi, huko Msumbiji. Mwaka 1866 aliingia bara pamoja na Livingstone. Mwaka uliofuata mtoro mmoja alikimbia na sanduku la dawa, na tangu hapo kumwuguza Livingstone kulikuwa kazi ya mikono mitupu. Mwaka 1870, huko Bambare, magharibi ya Ziwa Tanganyika, vidonda vya miguu vilimlaza kibandani siku kama 80. Watumishi waliobaki naye ni Susi, Chuma na Gardner tu.

Dawa zilipatikana tena baada ya kuja Stanley. Basi tufike kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, usiku wa tarehe 30 Aprili 1873. Livingstone alikuwa ametokwa damu tumboni siku nyingi, hata kusimama hawezi. Kijana Majwara alikuwa zamu kibandani. Karibu na usiku wa manane alimwita Susi. Susi akachemsha maji, akaleta sanduku la dawa, akasogeza mshumaa kwa kuwa mgonjwa hakuona vizuri. Livingstone akachagua mwenyewe dawa ya kalomeli, kwa shida kubwa. Susi akamwekea vikombe viwili, kimoja cha maji na kimoja kitupu. Kisha akaambiwa aende, naye akaenda.

Je, ilifaa aende? Mgonjwa alikuwa daktari, tena bwana wake. Nani angebishana naye? Lakini mtu asiyeweza kuiona dawa yake bila kusogezewa taa hafai kuachwa. Majwara alisinzia. Yapata saa kumi za usiku alimwamsha Susi kwa hofu, wakamkuta Livingstone amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa. Mimi simlaumu Majwara. Kijana aliyeachiwa zamu usiku kucha, bila mtu wa kumpokea, amepewa mzigo wa watu wazima. Hospitalini wauguzi hupokezana.

Kulipokucha, vitu vyote vya marehemu vilifunguliwa mbele ya watu, na Jacob Wainwright akaviandika. Farijala, aliyepata kumtumikia daktari Unguja, aliupasua mwili, akakuta bonge la damu kubwa kama mkono wa mtu. Moyo ukazikwa hapo hapo; mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani. Kwihara, karibu na Tabora, Luteni Cameron aliwashauri wauzike. Susi na wenzake wakakataa, wakaubeba mpaka Bagamoyo, Februari 1874. Huko London daktari aliutambua kwa mfupa wa mkono uliovunjwa zamani na simba.

Susi alifanya kazi tena na Stanley, safari hii Kongo, akabatizwa Unguja mwaka 1886 kwa jina la David, akafa huko huko mwaka 1891.