Kirilo Japhet: Mmeru aliyeipeleka kesi ya ardhi hadi New York

Ukiacha barabara kuu ya Moshi–Arusha na kupanda kwenda Nkoaranga, unapita kwenye migomba na kahawa iliyobanana. Mlimani ardhi ni finyu. Kihamba cha baba kikigawanywa kwa watoto, kila mmoja anabaki na kipande.

Ndiyo maana Wameru walikuwa wanategemea sana Engare Nanyuki, tambarare iliyo kaskazini mashariki ya Mlima Meru. Kule kulikuwa na malisho, maji na magadi ya ng'ombe. Kahawa ilikuwa mlimani, mifugo huko chini. Ukiondoa kimoja, uchumi wote unayumba.

Novemba 1951 serikali ya Waingereza ikakiondoa hicho kimoja. Watu wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu, nyumba zikachomwa moto na mifugo mingi ikafa. Ardhi ilitakiwa kwa ajili ya ranchi za walowezi wa Kizungu. Wameru wakaambiwa wahamie Kingori, wakakataa. Fidia nayo wakaikataa.

Hapo ndipo linapoingia jina la Kirilo Japhet.

Kijana huyu alikuwa kiongozi katika chama cha raia wa Meru. Wananchi wakachangishana fedha, na mwaka 1952 wakamtuma New York, Marekani. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo wenyeji walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko huko. Aliyemsaidia ni Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa anafanya kazi Moshi.

Je, alishinda? Hapana. Baraza la Udhamini lilisikitika tu, halikuamuru ardhi irudishwe. Mwishoni mwa mwaka shauri likafika Baraza Kuu. Kura za kuwaunga mkono Wameru zilikuwa nyingi, lakini hazikufika theluthi mbili zilizohitajika.

Wengi wangerudi nyumbani kimyakimya. Kirilo aliporudi alizunguka nchini akisimulia yaliyotokea. Watu wa mikoa mingine wakaelewa kwamba kilichowapata Wameru kinaweza kuwapata na wao. Julai 1954 TANU ikazaliwa, na mwaka 1955 Mwalimu Nyerere naye akaenda Umoja wa Mataifa. Njia ilishafunguliwa.

Mwaka 1967 Kirilo na Seaton walitoa kitabu kuhusu kesi hiyo. Ranchi za walowezi hazikudumu, na Wameru walirudi Engare Nanyuki.

Kirilo alishafariki miaka mingi iliyopita. Leo tukizungumzia maendeleo ya Arusha tunataja hoteli, barabara na utalii. Yeye alianza na swali la msingi zaidi: mkulima asiye na uhakika na shamba lake, ataendelea kwa kutumia nini?